Deni la Kibirizi

Baba alinipa bahasha siku ya kupanda treni.
Ndani, elfu ishirini. Juu yake, kwa penseli:
Mwavita binti Sudi, dagaa, Kibirizi.
"Nilikopa debe moja mwaka wa sabini na tisa.
Barua ya uhamisho ikaja alfajiri, treni ikaondoka saa mbili;
nikasema nitalipa nikirudi."
Hakurudi.
Mimi ndiye kurudi kwake.

Tabora nilinunua asali dirishani, gizani,
kwenye chupa iliyowahi kuwa ya konyagi.
Uvinza wakapakia chumvi.
Kisha reli ikachoka, hivi hivi tu:
stesheni nyeupe yenye matao, kizuizi cha chuma kilichoota kutu,
na mbele ya kizuizi, maji,
maji mpaka macho yakaomba ruhusa ya kupumzika.

Mji huu haumkimbizi mtu.
Niliagiza chai; mhudumu akauliza, "Ya leo?"
Mbele ya posta Waha wawili walikutana,
wakainama kidogo, wakapiga makofi taratibu,
wakaulizana watoto, ng'ombe, mvua, mguu wa shangazi,
hata bodaboda aliyekuwa akiwapigia honi
akazima injini, naye akaitikia.

Nilikwenda ufukweni, ule wa nyuma ya kilima,
mchanga wake kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili.
Mimi mtoto wa Tanga: ulimi wangu umezoea kuadhibiwa na bahari.
Nikaonja ziwa. Tamu.
Nikaonja tena kwa kutoamini.
Visamaki vya milia vikanidonoa vidole
kama makarani wanaohakiki hesabu,
na tumbili akanyakua chapati yangu, hakutoa risiti.
Milima ya Kongo, iliyokuwapo asubuhi,
saa nane ilikuwa imejifuta.

Ujiji, ndani ya makumbusho, masanamu mawili ya wazungu
yanavuliana kofia, hayachoki.
Niliuliza, "Na waliobeba masanduku?"
Kijana wa kuongoza wageni akapapasa mfukoni
kana kwamba aliyaandika majina yao mahali.
"Hao hawakuvua kofia," akasema. "Hawakuwa nazo."
Tukanyamaza hatua kumi hivi.
Kisha akaonyesha bustani: ziwa lilikuwa linafika hapa,
likaondoka zake miaka mingi;
juzijuzi lilirudi upande ule, likabeba vyoo viwili
na mgomba wa mama yake.

Kibirizi nilifika siku za mbalamwezi.
Mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa,
basi mitumbwi ilikuwa imelala ubavu,
wavuvi wanacheza bao, nyavu zinashonwa.
Bi Mwavita alishafariki, mwaka wa mvua kubwa.
Mjukuu wake, Asina, alikuwa akigeuza dagaa kichanjani,
mikono yake inang'aa magamba mpaka viwikoni.
Nikamweleza. Hakushangaa.
(Hapa hata meli iliyozamishwa huibuliwa, seuze deni.)

Akaingia ndani, akatoka na daftari
lililonuka mawese na moshi.
Kurasa zimekuwa laini kama kitenge cha kubebea mtoto.
Akafuata kwa kidole: mwalimu wa Gungu, kalipa.
Mke wa fundi saa, kalipa nusu.
Mrundi wa baiskeli, Mungu anajua.
Halafu: *kijana wa reli, mrefu, ana mwanya, debe 1.*
Jina hakuna.

Akaniangalia.
"Fungua mdomo."
Nikafungua, pale mchangani,
mbele ya wacheza bao ambao sasa walikuwa wamesimama,
nikauonyesha mwanya wa baba yangu.

Asina akahesabu noti, akazirudia.
Akanirudishia elfu mbili: "Chenji yako."
Akachora mstari mmoja, mrefu, juu ya kijana yule,
polepole, kama anayemfunika shuka.
Akafungua ukurasa mpya, akaulamba wino wa kalamu.
"Haya," akasema, "sasa ukoo wenu unaweza kukopa."

Nikakopa debe moja.