Mndimu wa Mei Mosi

Kijiji chao cha Uingereza kina kinu cha maji, kengele,
na asubuhi ya Mei ambapo wasichana
hutoka alfajiri kuchuma ua jeupe
la mti wenye miiba.
Mimi ndiye niliyepewa kutafsiri.
Nikaandika asumini. Ndeshi akakataa:
"Asumini haina mwiba. Huyu binti anachomwa
ndipo anapenda. Soma tena."

Tulikuwa tisa, ukumbi wa parokia Chang'ombe,
viti vya plastiki vya kukodi,
na piano ya Bwana Pinto iliyopoteza sauti mbili
upande wa kushoto; akizifikia
huziguna mwenyewe.

Chiduo, msoma mita za maji,
ndiye mkata manyoya ya kondoo, mpenzi.
Kwao Mpwapwa kondoo hanyolewi, anachinjwa,
lakini alituonyesha mnyama anavyoshikwa
asitapetape: goti hapa, kiganja chini ya taya,
na neno la polepole.
Basi hivyohivyo, nikamwambia, mshike Ndeshi mkono.
Tukacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Mei Mosi kwetu ni fulana za chama, maandamano,
na hotuba ya mshahara utakaopanda.
Jioni yake tukafungua pazia.
Watazamaji ishirini na sita,
kumi na mmoja wao ndugu zake Ndeshi.

Kisha mvua. Masika yale ya kuaga,
yasiyobisha hodi, yakamwagika juu ya bati
palepale mkata manyoya alipovuta pumzi
kusema nakupenda.
Mdomo ukafunguka; bati likajibu.
Umeme nao ukaona usibaki peke yake.

Pinto hakuacha. Akarudia hatua nne zilezile,
nne, tena nne, kama anayebembeleza mtoto wa jirani,
na mlinzi akapanda jukwaani na kurunzi,
akawamulika bila kuambiwa.
Hapo Ndeshi akatoa tawi la mndimu
wa uani kwa mama yake, Temeke:
maua matano, sita, na miiba yote.
Chiduo akalipokea vibaya.
Tukaona damu kidoleni, kidogo tu,
na harufu ikatembea safu kwa safu
hadi nyuma, kwa mwenye viti vyake.

Mvua ilipokatika walikuwa wameshaposana
kimyakimya, na kengele ya kijiji,
sufuria na mwiko,
ikalia imechelewa.

Daftari langu bado ninalo.
Asumini imekatwa kwa mstari.
Pembeni sijaandika kitu.