Kifungu cha Tisa

Leo Daktari Wetaka hayupo. Amepanda basi la alfajiri
kwenda Kampala, leseni ya mwaka jana katika bahasha ya kaki,
risiti ya ada imebanwa kwa pini,
na picha mbili ndogo ambamo hakutabasamu,
kwa kuwa Baraza halitaki meno.

Mimi nimebaki na funguo, na kitanda chenye tundu la uso,
na taulo sita zinazotokota kwenye sufuria.
Ukutani kuna fremu mbili. Moja ni cheti chake.
Ya pili ni kanuni. Wagonjwa hudhani ni sala.

Kifungu cha tisa nakijua kama jina la ukoo wangu:
Msaidizi atapokea. Msaidizi ataandika.
Ataweka joto, ataweka baridi,
atashika mguu akiamriwa kuushika.
Hatasukuma, hatavuta, hatazungusha
shingo wala uti wa mgongo wa mtu yeyote,
hata akiombwa.
Hata akilipwa.
Hilo la kulipwa limepewa mstari wake peke yake,
kana kwamba aliyeliandika alitufahamu.

Saa mbili na nusu wanamleta Gidudu mchukuzi,
amepinda kama mundu.
Gunia la kahawa lilimgeuka begani kule ghalani.
Ndugu zake wawili wamemshika makwapani,
naye anavitazama viatu vyangu, hawezi kutazama kingine.
"Nambozo," anaviambia viatu, "mikono yako naijua.
Nimalizie, nirudi kazini."

Miaka kumi na mmoja
nimesimama kushoto mwa kitanda hiki
nikihesabu pingili pamoja na Daktari,
yeye kwa sauti, mimi moyoni.
Vidole vinajua kabla sijaviuliza:
ya nne ya kiuno, imekaa upande kidogo,
kama droo inayokataa kufungika.
Sukumo moja tu. Mlio wa ganda la karanga. Basi.

Lakini namjua pia yule mama wa Sironko
aliyezungushwa shingo na kijana wa sokoni,
koti jeupe, karatasi hana.
Aliletwa kwetu mwezi uliofuata,
mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine.
Nilimwandika mimi. Nilipofika penye "Maumivu"
akasema, hakuna. Hakuna kabisa.
Nikaishika kalamu, nikashindwa kuandika neno rahisi vile.

Nikapiga simu. Ikamkuta Daktari ndani ya Mabira,
mtandao unakuja na kwenda kati ya miti.
Nikaeleza haraka. Akasema, "Usim—"
na msitu ukameza lililobaki.

Usimguse?
Usimwache?

Nikayatii yote mawili.
Nikamlaza ubavu, mto katikati ya magoti, taulo kiunoni.
Nikauliza yaliyomo kwenye fomu: vidole vya miguu vina ganzi?
Haja ndogo inatoka? Nikaandika saa na dakika.
Kisha nikaweka kiganja juu ya taulo,
uzito wa kiganja tu, uzito wa barua,
nikakiacha hapo.
Chini yake ile pingili ilikuwa ikiniita kwa jina.

Ndugu mmoja akacheka: "Sasa wewe kazi yako ni nini?"
Sikumjibu. Dirishani Wanale imejikunja juu ya mji,
maji yanaitiririka mbavuni,
mgongo mkubwa kuliko yote, na hakuna aliyeugusa.

Gidudu akalala. Akakoroma, hata.
Daktari atarudi usiku, mhuri bado mbichi.
Nami nimefungua droo, nimetoa fomu yangu
iliyokaa humo tangu mvua za mwaka juzi.
Elimu, wameacha mistari mitano.
Uzoefu, mmoja.
Nimeandika: *Nilisimama kushoto.*
Nimeona haitoshi. Sijaifuta.