Zamu ya Mafuta

Pampu tuliitoa kwenye tipa lililokufa
uwanja wa vyuma chakavu, nje kidogo ya Rustaki,
riali kumi na nne, na Gulzamani akatuongezea
vali mbili na ahadi: "Hii nzuri, mama. Hii hapana lia."
Ililia. Wiki nzima ililia
kama mbuzi aliyesahauliwa juu ya gari,
mpaka nilipogundua mpira wa kunyonyea ni mwembamba:
tumeikaba koo, halafu tunailaumu kwa kukohoa.

Mume wangu Mahfudhi anachomelea; mimi nachora.
Nilisomesha hesabu Mkoani miaka kumi na mmoja
kabla ya kuletwa huku na cheti cha ndoa,
na nusu kipenyo, kipeo cha pili, mara pai
haiulizwi pasipoti. Silinda ya sentimita tano,
shinikizo la baa mia: karibu tani mbili za kusukuma.
Gogo la mkunazi halifiki tani.
Niliyaandika haya nyuma ya bili ya umeme
na chini yake, kwa herufi ndogo: tusiue mtu.

Kwani kabla ya hapo ilikuwa mikono.
Mtaimbo, kabari, bismillahi.
Mafuriko yalipong'oa mikunazi na myarobaini
watu walituletea magogo bure, ili mradi yawatoke uani,
na msumeno wetu wa mkanda, wa magurudumu ya pikapu,
ulikata bila tabu. Tabu ni kuupandishia.
Kidole cha shahada cha Mahfudhi kinajua.
Kimebaki pingili moja,
na bado anakinyoosha kwenye tahiyatu.

Siku ya kujaribu mikono ya chuma
nikavuta wenzo.
Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukalala.
Gogo likajigeuza kama mgonjwa kitandani,
likaporomoka, likavunja ngazi
na bakuli la dengu la Gulzamani.
Wakakagua mipira, wakakagua viungo,
kisha wakanikagua mimi.

Mafuta hayana kosa. Mafuta hufuata wepesi:
huku shina, huku kilele,
nayo yote yakakimbilia kileleni
kama waalikwa kwenye sinia la halua.
"Ongeza nguvu," akasema Mahfudhi.
Nguvu ipo. Kilichokosekana ni mgawo.

Usiku ule joto lilikataa kushuka.
Nikaenda kuketi kando ya falaji, miguu majini.
Zamu ilikuwa ya Bi Shinuna, nusu athari,
na mwanawe ameinama na tochi ya simu mdomoni,
anaziba mlango kwa tambara na jiwe,
anafungua mwingine.
Hakuna aliyeyasukuma maji.
Shamba la chini lingeyanywa yote, liko bondeni;
lakini jiwe lipo, na saa inatazamwa,
na shamba la juu nalo linalowa.

Nikarudi mbio, kandambili mkononi.
Pampu ndogo mbili za trekta, za umbo moja,
tukaziunga kwa mhimili mmoja:
hii haizunguki ile ikisimama,
ikimeza kikombe na mwenzake humeza kikombe.
Mahfudhi akatazama mchoro, akanitazama.
"Hii ni ndoa," akasema.
Nikamwambia achomelee.

Mchana, nyuzi arubaini na nane, mafuta yakawa chai
na mikono ikaanza kusinzia na mzigo juu.
Tukamwaga namba arubaini na sita, tukatia sitini na nane,
tukakuza tangi, tukalijengea kibanda cha makuti ya mtende.
Mahfudhi alitaka bomba la kupoza lipitie falajini.
Tone moja likivuja humo, nikasema,
Bi Shinuna atatupasua mbao sisi.

Leo gogo limepanda.
Limepanda polepole, bila kelele,
Gulzamani amekumbatia dengu zake kifuani.
Nimeweka pima maji juu ya gome: kipovu hakijatulia katikati.
Mkono wa kulia bado unachelewa
kwa upana wa kidole.
Mahfudhi akapima kwa alichobakiwa nacho,
kisha akaazima changu.