Mkonge na Katani

Kompyuta ya shamba, Ngomeni, huandika mkonge.
Ya bandari ya Tanga huandika katani.
Moja husema saa mbili, nyingine nane kamili,
na asubuhi ni ileile.

Lori la Semgaya limelala getini siku ya tatu,
marobota mia mbili yakingoja
mashine zielewane.

Mimi huku Chumbageni, umeme wa kusuasua,
sikumwamuru yeyote abadili lugha yake.
Nimechora ukoo tu:
katani ni uzi, mamaye mkonge;
robota ni mzigo, una kilo zake;
ongeza sita, saa itasomeka.

Geti likafunguka.
Semgaya hakuniuliza kitu, alipiga honi.

Limebaki neno moja kwenye orodha, kitani.
Karani kakosea herufi,
au huyu ni mtoto wa watu wengine?