Kasha la Senti Kumi

Kwetu, kadi ilikuwa ya kliniki,
kilo za mtoto zikipanda kwa kalamu ya nesi;
au ya mchango wa harusi, ambayo ikishapita mlangoni
unajua mwezi huu nyama basi.
Sikujua kadi ya mtu aliyesimama tu, gongo begani,
akilikodolea jua macho kana kwamba linamdai.

Nimeijua hapa Erie, Pennsylvania,
dukani kwa Bi Rosalind Pruszka,
kati ya dobi na muuza matairi.
Ninafuta vioo, ninapanga makasha,
theluji ya ziwani ikirundikana hadi kwenye kitasa.

Jumamosi wanaume huja,
wanavua glovu kidole kimoja kimoja
wasije wakakunja pembe.
Hawasalimiani. Wanatajiana namba:
mia tatu na kumi na mbili, mwaka ule wa goti!
Na mwenzake anadaka,
thelathini na tisa, tena uwanja umelowa!
Wiki ya tatu nikaelewa: hii ni tondozi.
Wanawasifu majabali yao
kwa hesabu badala ya vina.
Nami, kitambaa mkononi, nikawatilia vina kimoyomoyo:

    Tarver mkono kushoto,
    mpira wake ni moto,
    wapigaji ni watoto,
    hewa ndiyo waipiga.

Tarver anakaa juu, nyuma ya kioo na kufuli,
amevaa plastiki ngumu kama mgonjwa wa mapafu.
Bei yake ni kodi yangu ya miezi minne.

Chini, karibu na viatu vya watu,
liko kasha la senti kumi.

Mzee Delbert Kossick huingia saa tano,
anapiga goti, jambo ambalo goti lake halilitaki,
anachakura.
Nilidhani anawinda bahati,
lulu iliyosahaulika kwenye mchele.
Hutoka na moja, pengine mbili,
hulipa kwa sarafu, hataki risiti.

Siku moja niliitazama kabla sijampa.
Kijana, masikio makubwa, kofia imemzidi.
Jina: Delbert Kossick.
Nikainua uso. Masikio ni yaleyale.

Nyuma ya kadi, maisha yake uwanjani
yalikuwa mstari mmoja.
Michezo kumi na minne.
Mpira uliovuka uzio: mmoja.
Chini yake weupe mtupu,
mahali pa miaka ambayo mchapaji aliiachia nafasi
haikuja.

"Unajikusanya?" nikamuuliza.
"Ninajianua," akasema, "kabla mvua haijanyesha.
Nimefika hamsini na nane.
Tuliuzwa pakiti moja na bigijii, unajua.
Watoto walitafuna bigijii,
wakanitema mimi."

Nilitaka kumwambia, mcheza kwao hutunzwa,
nikakwama njiani kwenye kutafsiri.
Maana kutunza ni kumbandika mchezaji noti usoni
ngoma ikiwa bado moto;
na kutunza ni kuweka kitu mahali pakavu
watu wote wakishaondoka.
Neno ni moja. Tarver kapata yote mawili.
Huyu anajitunza mwenyewe,
senti kumi, senti kumi.

Juzi lililetwa boksi kutoka nyumba ya marehemu fulani.
Ndani yake, Delbert,
pembe imeliwa, mtoto kamchora sharubu kwa kalamu ya wino.
Mtu alikaa naye, basi. Mtu alimtazama
mpaka akamwona anastahili sharubu.

Sikumtia kasheni.
Nilimweka pochini, ubavuni mwa kadi ya kliniki ya binti yangu,
kilo tisa na nusu, hajambo.

Saa tano alikuja, akapiga goti, akachakura
kutoka mwanzo wa kasha hadi mwisho, kisha tena.
Akainuka kwa kushika kaunta. Anacheka!
"Leo simo," akasema.
"Wiki hii hakuna aliyenitupa."

Akavaa kofia, akaenda.
Nikakifuta kioo kilichokuwa safi.
Senti kumi nilikuwa nimeshaiweka kwenye droo.