Kaunta ya Farquhar

Farquhar aliziweka zote mbili juu ya kaunta,
kama mtu anayepanga karata na hataki ugomvi.
Ya kwanza ndogo, kama kiberiti cha jikoni,
unaitia mfuko wa shati ukaisahau.
Ya pili nyeusi, nzito, ina bega na shingo,
na ukiifyatua, ndani kioo kinaruka: klap!
kama mlango wa kabati lililojaa.

"Unataka kupiga picha za nini?"
kwa Kiingereza cha Dundee, kinachotafunwa kwanza.
Nikasema: mtoto. Nikasema: mke wangu.
Sikusema: mama yangu yuko Tanga, mjukuu anamjua
kwa kilio tu, na simu yangu
haijui kazi nyingine zaidi ya kupiga namba.

Hesabu ilikuwa fupi.
Nafagia ngazi za chuo tangu saa kumi alfajiri;
mshahara unaingia Ijumaa, Jumatatu umeshaaga.
Kubwa ilitaka miezi mitano ya ngazi,
ndogo, mmoja na nusu.
Kidogo si haba, nikajiambia,
nikatoka nikipapasa mfuko kila hatua
kama mwizi wa mali yake mwenyewe.

Na ilikuwa njema, sitaisingizia.
Ilimwona Salha akisinzia kwenye basi la Lochee,
mdomo wazi, kofia imemziba jicho.
Ilimnasa Mwanaidi akicheka na muuza samaki
kabla hajajua anatazamwa.
Ilikuwa kope: inafumba, inafumbua, basi.

Kisha Januari ikaja na theluji yake.
Tukapanda kilima cha Law, watu watatu na kigari,
mji chini umefunikwa shuka la hospitali,
Mto Tay wa kijivu kama sufuria.
Simameni hapo, nikasema.
Jioni
(yaani saa tisa na nusu, jioni ya huko haina subira)
nikaitazama picha.
Theluji imetoka.
Uzio umetoka. Mbwa wa watu ametoka.
Mahali pa Mwanaidi pana koti jekundu
na juu ya koti, tundu.
Salha, tundu dogo.

Nilirudi na risiti na ghadhabu.
Farquhar akavaa miwani, akatazama kwa muda.
"Haijui," akasema. "Imedhani theluji ndiye mgeni wa heshima.
Imepika kwa kipimo chake, wenyeji wamelala njaa."
Hata ndogo inaweza kurekebishwa, alikiri,
ukichimba hadi ukurasa wa nne
na vidole vimeganda.
Akanishikisha kubwa. Chini ya kidole gumba, gurudumu:
"Hapa wewe ndiye unayeamua."

Akakata paundi ishirini za usumbufu.
Zilizobaki nilizilipa ngazi kwa ngazi.

"Umeniletea mke mwenza," alisema Mwanaidi,
akiipima kwa mkono mmoja, mtoto kwa mwingine.
Na kweli. Ukiiinua tu, watu wanakaza shingo.
Kwenye basi inakaa begini, chini ya nepi.
Nimekosa mengi. Nimekosa hatua ya kwanza ya Salha:
nilikuwa nafungua zipu.

Ila Jumapili moja tulipanda tena,
theluji imeanza kuchafuka.
Nikageuza gurudumu mara moja, mara mbili.
Theluji ikaungua ikawa karatasi tupu,
uzio ukapotea, mji ukapotea, na mto wake.
Nao wakatokea:
kipini cha puani, ufa wa baridi mdomoni,
kahawia ya shavu na kahawia nyingine chini yake,
mtoto ana kamasi.

Hiyo ndiyo niliyoituma Tanga.
Mama akapiga simu. Hakuuliza ni mji gani.
Aliuliza mbona mtoto hafutwi pua.