Si Huyu

Kwanza iwashe. Iache ingurume dakika tano,
tano za kweli, si za mtu mwenye safari,
maana Oktoba hii ya Gobi oili imelala
nzito kama uji uliosahauliwa jikoni,
na uchafu umelala nayo.
Ukiifungua ikiwa baridi itatoka oili,
takataka zibaki ndani zikikucheka.

Kisha zima. Subiri hadi uweze kuigusa injini
bila kumtaja mama yako.

Natafuta beseni. Mama, macho kwenye unga anaoukanda:
"Si hilo." La maziwa.
"Si hilo." La maziwa ya farasi.
Napewa la plastiki, lenye ufa ukingoni,
lililokwisha kosana na kazi zote za hema.

Nalala chali juu ya changarawe.
Huku chini boliti ni tatu,
zinafanana kama ndugu wanaogombea urithi.
Mwaka jana kaka yangu Sodnom alifungua ya kushoto:
springi ikaruka, ikapotelea majanini,
tukaitafuta siku mbili
mbuzi wakitusaidia kwa kututazama.

Baba yuko mlangoni, goti lake bovu juu ya ndoo.
"Ene bish," anasema. Spana inahama.
"Ene bish."
Inahama tena. Kimya. Basi ndiyo.

Maneno hayo mawili kwetu yanatosha
kwa boliti, kwa beseni, kwa mtu:
si hii, si hilo, si huyu.
Ni jina langu pia.
Walizikwa wawili kabla yangu,
nami nilipolia mara ya kwanza wakaniita Enebish,
ili kifo kikibisha hodi na kuuliza
mtoto wa hema hili ni yupi
kijibiwe: si huyu.
Kikaenda kwingine.
Sipendi kufikiria ni kwa nani.

Spana kumi na saba. Inagoma, inalia kidogo, inakubali.
Namalizia kwa vidole, nikiisukuma juu huku naizungusha,
halafu naichomoa ghafla, mkono pembeni.
Mfereji mweusi. Kisha uzi. Kisha tone.
Hapa ndipo wengi huondoka.
Mimi nabaki. Nahesabu hadi sitini na moja
na bado linaning'inia jingine, linafikiri.

Kioo cha kilomita kilikufa sijajua kuendesha,
kwa hiyo twahesabu kwa safari za mjini:
hii ni ya kumi na moja; tulipaswa kuacha kwenye ya tisa.
Kwenye wavu wa chujio kuna punje inayong'aa.
Baba anaiviringisha kati ya vidole,
anaipuliza, hasemi kitu.

Pete ya shaba, mpya. Boliti kwa mkono kwanza,
ndipo spana, na hapo robo mzunguko tu:
mwenye nguvu za kuonyesha huvunja hesi za injini
kisha hulaumu kiwanda.

Lita moja kasoro kikombe, ile nyepesi ya majira ya theluji.
Isimamishe wima. Ikiegemea stendi ya pembeni
kijiti cha kupimia kitakudanganya uso kwa uso.
Washa, zima, subiri, pima.
Ile nyeusi usiimwage: mbuzi hulamba hata aibu.
Jirani Choijilsuren huipaka nguzo za zizi.

Kesho naenda peke yangu, kilomita mia na ishirini,
kuchukua dawa ya goti.
Mama atarusha maziwa kwa upawa nyuma ya gurudumu.
Baba atauliza, "Umekaza?"
Nitasema nimekaza.

Lakini usiku natoka na tochi,
nalala tena kwenye changarawe iliyoganda,
napitisha kidole chini ya boliti.
Kikavu.
Huko njiani hakuna mti wala mtu,
na chochote kinachongojea huko
kina macho, kinachagua.
Nasogeza mdomo karibu na chuma,
naiazima pikipiki jina langu.